Wageni wa Bwana Fisi

Mwaka ule jua liliwaka katika Mbuga ya Kitalala mpaka viboko wakajifunza kutembea, maana mahali pa kuogelea hapakuwapo tena. Mito ilikauka. Visima vikabaki matope, na matope nayo yakapasuka kama visigino vya mkulima. Mfalme Simba, aliyekuwa ameapa kwamba wafalme hawashughuliki na mambo ya maji, alionekana asubuhi moja akiramba jiwe lenye umande. Alipogundua kwamba swala wanamtazama, alisema alikuwa analikagua.

Siku hiyohiyo akaitisha baraza.

"Tutachimba lambo," alinguruma. "Wachimbaji watahitaji kula. Kwa hiyo kila mwenye biashara atatoa kodi, gunia zima la chakula kila mwezi. Asiyependa na asogee hapa mbele tuzungumze. Mimi mwenyewe sijala tangu juzi."

Hakuna aliyesogea, ila Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na kila mtu alijua kwamba mdomo wake hutangulia, woga humfuata baadaye.

"Mfalme wangu," alisema, "Tembo ana shamba lisilo na mwisho, naye atoe gunia. Mimi nina kibanda cha vyungu na njiwa wachache wanaonisaidia kukanda udongo, na mimi pia nitoe gunia? Nikilitoa, nitawalipa njiwa wangu kwa nini? Kwa manyoya?"

Simba alitikisa manywele yake. Bi Kanga akakumbuka kuogopa, akajificha nyuma ya Kobe. Lakini Sungura, mshauri wa mfalme, alikwisha kunong'ona sikioni mwa bwana wake.

"Mfalme, Bi Kanga akifunga kibanda, wale njiwa watakosa pa kula. Watakuja kulia mlangoni kwako. Kutwa nzima, kuu, kuu, kuu. Nawe hupenda kulala mchana."

Simba alifikiri. Kulala mchana alikupenda kweli.

Basi sheria ikapangwa upya, na Sungura akaitangaza juu ya kichuguu. Mwenye biashara kubwa atatoa gunia. Mwenye biashara ndogo atatoa kikapu tu. Aliyeajiri ataongeza konzi ya mtama kwa kila mfanyakazi, iwekwe katika ghala la mbuga, ili mfanyakazi akiumia kazini ale kutoka ghala hilo mpaka apone. Na lambo likijaa, mwenye wafanyakazi atapunguziwa kikapu chake, na juu ya hapo atapewa hori la maji kwa kila mfanyakazi aliye naye.

Bwana Fisi alikuwapo barazani. Lakini aliposikia neno "atatoa", masikio yake yalijifunga yenyewe, kama yalivyozoea, na yale ya mwisho hakuyasikia.

Fisi alikuwa na banda la nyama ya kukausha. Yeye alikaa kivulini akionja, huku kazi yote ikifanywa na Mama Ngiri. Mama Ngiri alichimba mashimo ya moto, alibeba kuni, aligeuza nyama na kuianika. Alikuwa mjane mwenye watoto, tena ana desturi ya kupiga magoti anapokula, kwa hiyo majirani walimdhania mcha Mungu kupita kiasi. Kwa Fisi hakupata mara nyingi nafasi ya kupiga magoti hayo.

Kobe ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya kodi. Wengi walifurahi, maana Kobe akionekana kwenye kilima asubuhi, ungeweza kupika, kula, kulala na kuamka kabla hajafika mlangoni. Fisi alimwona mapema.

"Mama Ngiri!" aliita. "Tua hizo kuni! Kaa kwenye mkeka. Akikuuliza mtu, wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani, bwana?"

"Wangu! Mimi si mkarimu?"

Kobe alifika akihema. Alitoa kichwa taratibu, akatazama moto, akatazama nyama, akamtazama Mama Ngiri aliyejaa majivu hadi kwenye kope.

"Bwana Fisi, kikapu nimekipokea. Sasa wafanyakazi wako ni nani, ili uwatolee konzi?"

"Wafanyakazi? Nitawatoa wapi katika ukame huu? Huyu ni mgeni. Ni shemeji yangu."

"Shemeji? Ngiri na fisi?"

"Ukoo wetu mpana, mzee wangu."

Kobe alimgeukia Mama Ngiri. "Ni kweli, mama?"

Mama Ngiri aliwakumbuka watoto wake waliokuwa wakingoja nyumbani na matumbo yakilia. Akimsuta Fisi, kesho atakosa hata zile ngozi za kutafuna anazotupiwa jioni. Akainamisha kichwa. "Ni kweli," alisema, na Kobe akaondoka kama alivyokuja, yaani polepole.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda. Kila Kobe alipoonekana kilimani, Mama Ngiri aligeuka mgeni. Kila alipopotea upande wa pili, aligeuka punda.

Siku moja alikuwa ndani ya shimo la moto akizoa majivu, ukingo ukabomoka. Gogo kubwa liliporomoka na kumwangukia mguuni. Alipiga yowe lililowaamsha popo pangoni. Fisi alikuja mbio, akaliangalia gogo kwanza, akaona halikuvunjika, akashusha pumzi.

"Pole sana, shemeji."

"Bwana, siwezi kusimama."

"Naona. Basi mgeni akiugua, vizuri arudi kwao akauguzwe na watu wake. Nenda salama."

"Na ujira wangu?"

"Mgeni ana ujira? Hata mimi ningetembea nchi nzima nikilipwa."

Mama Ngiri alijikokota mpaka ghalani. Huko alimkuta njiwa mmoja wa Bi Kanga, aliyechanika bawa kwa kigae cha chungu. Njiwa alikuwa amekaa kivulini na bakuli la mtama, shingo imenenepa. Mama Ngiri naye akamwomba Kobe, aliyekuwa pia mlinzi wa ghala.

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, akakitoa. Kwa kawaida hukitoa taratibu, lakini safari hii alikitoa taratibu zaidi.

"Mama yangu," alisema, "chakula hiki ni cha wafanyakazi waliotolewa konzi. Kwa Fisi hakuna mfanyakazi. Alisema yeye. Na wewe ukakubali."

"Nilikubali kwa njaa, baba."

"Najua. Lakini nikifungua ghala kwa huruma yangu, kesho kila mwenye njaa ni mfanyakazi." Akaingia ndani, akarudi na chakula chake mwenyewe cha mchana, majani kidogo ya kunde, akayaweka mbele yake. "Haya ni yangu. Haya naweza kutoa."

Mama Ngiri alipiga magoti akala, machozi yakidondoka juu ya kunde.

Bi Kanga, aliyekuja kumtazama njiwa wake, aliyaona hayo, na hasira ikampanda hadi kwenye kishungi. Alimchukua Mama Ngiri moja kwa moja mpaka kwa Sungura. Sungura alikuwa usingizini. Hakuna kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko hiyo.

"Amka!" Bi Kanga alimpigia kelele sikioni, na masikio ya Sungura si haba. "Sheria uliitangaza wewe. Njoo uone inavyochezewa!"

Sungura alisikiliza habari yote, akajikuna kidevu.

"Tukimshtaki sasa, Fisi ataangua kilio, ataapa kwa mifupa ya babu yake, na mfalme atatufukuza sote kwa sababu ya makelele. Mvua iko karibu. Tungoje lambo lijae."

"Mvua na Fisi wapi na wapi?" aliuliza Bi Kanga.

"Fisi hakamatwi akitoa," Sungura alijibu. "Hukamatwa akipokea."

Kwa siku hizo za kungoja Bi Kanga alimchukua Mama Ngiri na watoto wake, akawalaza katikati ya vyungu. Walivunja kadhaa. Bi Kanga alilalamika kuhusu kila kimoja, lakini hakumfukuza mtu.

Mvua ilinyesha, na lambo likajaa mpaka vyura wakapoteza adabu. Sungura alipanda tena juu ya kichuguu, akatangaza: wenye wafanyakazi waje wachukue mahori yao ya maji, na vikapu vyao vitapunguzwa. Safari hii Fisi alisikia kila neno, hata yale yaliyosemwa kwa mbali.

Alimkimbilia Kobe. "Mzee wangu! Mimi nina wafanyakazi! Banda limejaa! Hori moja kwa kila mmoja, sivyo?"

"Bwana Fisi, si ulisema ni wageni?"

"Walikuwa wageni. Lakini wewe mtu mzima, hujui? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimewapa jembe."

"Na konzi zao?"

"Utapata, utapata. Hori kwanza."

Kobe alipeleka habari hizo kwa mfalme. Sungura alikuwapo, akasema kwa sauti ya upole, "Mfalme, Fisi ameajiri mbuga nzima! Mtu kama huyo anastahili heshima. Nenda ukamtembelee mwenyewe, uwaone hao wafanyakazi."

Simba alipenda sana kwenda mahali ambapo watu watasimama akifika. Alikubali.

Fisi alipopata habari alikimbia nyuma ya vilima kuwatafuta binamu zake, fisi wenzake waliokonda kwa ukame. "Simameni tu bandani kwangu na mashoka mabegani," aliwaambia. "Mfalme akiuliza, semeni ni wafanyakazi. Akiondoka, kila mmoja atapata mfupa."

"Mfupa wenye nyama?" aliuliza mkubwa wao.

"Tutaona."

Simba alifika na msafara wake. Binamu walisimama wamejipanga, mashoka yameshikwa upande wa makali, udenda ukiwatiririka kwa harufu ya nyama. Mama Ngiri na Bi Kanga walisimama nyuma ya umati.

"Wewe," Simba alimuuliza wa kwanza, "kazi yako ni nini hapa?"

"Kuonja, Mfalme."

"Na wewe?"

"Namsaidia kuonja."

Mkubwa wao aliona mambo yanaharibika, akajitutumua. "Mimi ndiye msimamizi, Mfalme. Wao wakichoka kuonja, naingia mimi."

Watu wakaangua kicheko. Fisi naye akacheka, kwa kuwa fisi huchekeshwa na hofu. Hapo Sungura akajitokeza, mikono nyuma, uso mpole kama wa mtoto.

"Wafanyakazi hodari," alisema. "Je, mmekwisha kulipwa ujira wenu wa msimu?"

Binamu walitazamana. Walikuwa wamefundishwa kukubali kwamba ni wafanyakazi. Habari za ujira hawakufundishwa. Wakatazama nyama iliyoanikwa. Wakatazamana tena.

"Bado!" walijibu kwa sauti moja.

"Bado?" Simba alinguruma. "Katika nchi yangu? Mbele ya macho yangu? Fisi! Hawa ni wafanyakazi wako au si wafanyakazi wako?"

Fisi alipiga hesabu haraka. Akisema siyo, amemdanganya mfalme. Akisema ndiyo, nyama inaondoka. Aliyaona mahori ya maji yakimetameta kichwani mwake, akameza mate.

"Ni... ni wangu, Mfalme."

"Walipwe sasa hivi."

Mfalme hakuwahi kufunga mdomo. Binamu waliingia bandani kama upepo. Waliangusha kamba, walipasua mitungi, walikula nyama kavu na nyama mbichi, wakala ngozi, wakala na kamba zenyewe. Fisi alimshika mmoja mkia. "Nilisema mfupa! Mfupa mmoja!" Binamu yule alimjibu mdomo umejaa, "Mfalme kasema ujira!"

Fisi alijitupa chini miguuni pa Simba. "Waondoe, Mfalme! Si wafanyakazi wangu! Ni binamu zangu! Hawajawahi kunyanyua hata ukuni!"

Bandani sauti ya kutafuna iliendelea.

"Basi nyama hii ilikaushwa na nani?" aliuliza Simba.

Bi Kanga alimsukuma Mama Ngiri kwa bawa, naye akachechemea mbele. Hakuwa na maneno mengi. Aliunyoosha mguu wake uliovimba, wenye makovu ya moto mapya na ya zamani, ukaonekana na wote. Kisha akasema, "Mimi, Mfalme. Nilisema ni mgeni. Nilidanganya, na ninaomba radhi. Lakini nyama niliikausha mimi."

Simba aliutazama mguu ule kwa muda. Kiburi alikuwa nacho tele, lakini macho pia alikuwa nayo.

"Kobe, fungua ghala. Huyu atakula mpaka apone, na Fisi atalijaza tena kwa konzi zote alizoficha. Ujira wake wa siku zote atalipwa, hata kama Fisi atauza banda. Kuhusu mahori ya maji, atapewa kwa idadi ya wafanyakazi wake." Akawaangalia binamu, waliokuwa wakijilamba na kuelekea vilimani bila kuaga. "Sioni hata mmoja."

Fisi alilitoa banda liuzwe. Mama Ngiri alipopona, alilichukua mwenyewe kwa ujira aliomdai Fisi, na Bi Kanga akamkopesha vyungu, vile vilivyosalia. Pimbi wakaja kufanya kazi kwake, akawatolea konzi bila kungoja Kobe afike kilimani.

Asubuhi moja Fisi alikuja akasimama mlangoni, mbavu zinahesabika.

"Mama Ngiri, nimekuja kuomba kazi."

"Kazi ipo. Ya kuchimba mashimo. Nitakwenda kwa Kobe kukutaja."

"Ya nini kujisumbua?" Fisi alisema haraka. "Hiyo konzi nipe mimi niile. Mtu akiuliza, mimi ni mgeni tu."

"Na gogo likikuangukia?"

Fisi alichungulia ndani ya shimo. Lilikuwa refu kuliko alivyokuwa akilifikiria kutoka kivulini. Alilitazama sana, akanywea.

"Nitaje," alisema. Akachukua jembe, akashuka.

Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.