Jogoo Kidari na Vifaranga Waliokataa Banda

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Ndiyo sauti hiyo? Nyie mmekula ugali au mmeunusa tu? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa naona kuna watu. Na wewe baba uliyeegemea ukuta, usijifanye umesinzia. Hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakijijengea mabanda wenyewe, paliishi jogoo aitwaye Kidari. Kifua mbele, mkia juu, mwendo wa gwaride. Na maneno sasa! Jogoo wengine huwika kokorikoo, wakanyamaza. Kidari akishawika, anaeleza kwa nini amewika.

Mkewe, Bi Kishungi, alikuwa na vifaranga watano waliokwisha kuwa wakubwa. Akataga tena, akaanza kulalia mayai kwenye kapu, pembeni ya jiko. Na kuku anayelalia haondoki. Akamwita mumewe.

"Baba Kidoti, wanao hawaenei tena chini ya mbawa zangu. Wazoeze kulala bandani. Kicheche anapitapita hapa."

"Kazi ndogo hiyo," akasema Kidari.

Akafanya kama wafanyavyo kuku wote: akawafungia bandani siku tatu, ili wapazoee. Mpaka hapo hakukosea. Kosa ni kwamba aliingia pamoja nao, akaanza kufundisha.

Asubuhi akafundisha. Mchana akafundisha. Jioni akarudia ya asubuhi, maana Kidoti, yule binti wa kwanza kutotolewa, alipiga miayo.

"Ufito huu wa kulalia ni wa wakubwa! Ufito ule ni wa wadogo! Bandani hatukwaruzi! Bandani hatupigi miayo! Mimi nilipokuwa na umri wenu..."

Siku tatu nzima! Siku ya nne akafungua mlango. Purrr! Vifaranga wakachomoka, wengine wakapitia mgongoni kwake.

Jua likazama. Kidari akasimama mlangoni. "Ingieni!"

Nani aingie? Mmoja, tak tak tak, juu ya mpapai. Wawili, fyuu, nyuma ya kinu. Mmoja kwenye paa la jiko. Kidoti akajibanza kwenye kuni. Kidari akawafukuza huku anasema, akasema huku anawafukuza, mpaka giza likaingia. Na kuku gizani haoni kitu. Akapapasa ngazi, akaingia bandani peke yake, akaendelea kusema humo humo. Alikuwa anaziambia fito.

Usiku huo kwenye kuni, nyaa, nyaa, nyaa... Kwapu!

"Mamaa!"

Kicheche alikusudia kumshika Kidoti shingo, akapata mkia. Asubuhi mtoto akatokea kitako wazi, anatetemeka. Bi Kishungi akalia kule kule kwenye kapu. Kidari naye, nisimsingizie, alilia. Hofu ilimwingia kwelikweli. Leo ni mkia, kesho je?

"Mume wangu," akasema Bi Kishungi, "siku zile tatu ulikuwa ukifanya nini humo ndani?"

"Nilikuwa nawafunza!"

"Kwa mdomo?"

"Sasa kwa nini kingine?"

"Baba Kidoti, mimi niko huku jikoni nakusikia. Hata haya mayai yamechoka, na hayajaota masikio. Watoto hawaliogopi banda. Wanakukimbia wewe. Leo jua likizama, ingia, kaa kwenye ufito, nyamaza."

"Ninyamaze? Nani atajua kuwa humo mna jogoo?"

"Kaa hivyo hivyo bila kujulikana. Au unataka tuzike?"

Neno hilo likamchoma.

Jioni ikafika. Kidari akapanda ngazi, akakaa, akafunga mdomo. Lo! Taabu aliyoipata, msiulize. Maneno yakapanda, akayameza. Yakapanda tena, akauma ufito. Nje giza linashuka. Nyasi zinacheza, nyaa, nyaa, nyaa. Anajua nani anakuja. Anatamani kupiga kelele, na anajua akipiga kelele watatawanyika. Machozi yakamtoka, kimya.

Kidoti akachungulia mlangoni. "Baba?"

Kimya.

"Baba, unaumwa?"

Kidari akatikisa kichwa, akasogea, akaacha nafasi.

Kidoti akageuka. "Njooni! Hasemi! Wallahi hasemi!"

Tak tak tak kwenye ngazi. Wa mpapai akaingia. Wa paa akaingia. Wa kinu wakaingia wanasukumana, mmoja akapiga miayo mbele ya baba yake, asiguswe. Kidari akaruka, akasukuma mlango, komeo likaanguka: ta!

Papo hapo nje, kwaru kwaru kwaru.

"Bwana Kidari," akaita Kicheche, sauti tamu. "Mbona kimya leo?"

Kidari kimya.

"Sema kidogo, bwana. Ule wimbo wako wa ufito wa wakubwa na ufito wa wadogo, naupenda sana. Jana nilipokusikia unagomba mpaka gizani, nilijua watoto wako nje, nikaja mbio."

Kumbe jana Kidari alikuwa akimwita mgeni mezani! Mdomo ukamfunguka amtukane tusi moja la nguvu. Akampapasa Kidoti, asiye na mkia. Akaufunga.

Kicheche akakwaruza, akangoja, akachoka, akaondoka na tumbo tupu, analaani jogoo wa siku hizi.

Ndani, vifaranga wakambana Kidari kushoto na kulia. Kidoti akasema, "Baba, sema basi neno moja."

Moja! Kidari alikuwa nayo mia tano. Akayapitia yote, akachagua moja.

"Laleni."

Wakalala.

Mmesikia, wazazi? Ukitaka mtoto arudi nyumbani mapema, nyumba isimpokee kwa makaripio kila jioni. Mwachie nafasi ya kukaa kwanza, mengine yatasemwa kesho. Basi, hadithi yangu naitua hapo. Na wewe baba wa ukutani, mbona umenyamaza?