Mbuzi Halali Nyumba Tatu

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye masikio ayatege, na mwenye hukumu aifiche mfukoni kwanza, maana ataihitaji tukifika mwisho.

Palikuwa na nchi mbili jirani. Kilindo ilikuwa nchi ya mvua, migomba na maofisi. Ukavuni ilikuwa nchi ya vumbi na mbuzi, na watu wake waliishi kwa maziwa ya mbuzi hao. Ukavuni ilipopatwa na shida iliandika barua, na Kilindo ikasaidia, kwa kuwa jirani ndiye wa kwanza kusikia kilio.

Serikalini Kilindo walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Daktari Nyamizi wa Idara ya Mifugo alikuwa na jicho: ugonjwa uliojificha kwa wenzake ulijitokeza kwake wenyewe. Bwana Hashil wa Mambo ya Nje alikuwa na ulimi, na si ulimi wa kusema tu, bali hata wa kunyamaza, jambo ambalo ni gumu zaidi. Mhandisi Sanga wa Uchukuzi alikuwa na njia. Barabara ikikatika, yeye alijua kichochoro, na kwenye kichochoro alijua ni nani anaishi na ana nini ndani.

Alikuwapo na wa nne, Bi Sikudhani, mtunza faili la misaada. Kipaji chake hakuna aliyekijua, wala yeye mwenyewe hakukijua.

Zamani huyu Sikudhani alikuwa mpiga chapa. Mwaka ambao mto wa Ukavuni ulifurika, idara tatu za Kilindo zilimletea barua tatu za kupiga chapa, kila moja kwa siku yake. Ya kwanza ilisema, tunapeleka mablanketi. Ya pili ikasema, tunapeleka mablanketi. Ya tatu, hali kadhalika. Sikudhani aliziona zote tatu kwa macho yake. Alijua pia, kwa kuwa barua ya Ukavuni ilipita mikononi mwake, kwamba watu kule walikuwa wakiharisha na walichoomba ni dawa ya maji. Lakini nani amwulize mpiga chapa? Alipiga chapa, akanyamaza. Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka kumi na moja na hakuwahi kumwambia mtu.

Ndipo siku moja ikaja barua nyingine: mbuzi wa Ukavuni wanakufa, tunaomba dawa ya minyoo.

Sasa mnajua desturi ya maofisi. Faili hutembea. Hulala kwa huyu siku saba, huamkia kwa yule, na kila mmoja huandika "naomba maelekezo" na kulisukuma mbele. Safari hii Sikudhani, ambaye sasa faili lilikuwa mikononi mwake, aliliweka juu ya meza moja, akachemsha birika la chai, akawaita wale watatu.

"Nipe nikalisome ofisini kwangu," alisema Daktari Nyamizi.

"Halitoki," alisema Sikudhani.

"Dada, mimi nina kikao," alisema Bwana Hashil.

"Kikao ndicho hiki, kaka. Kunywa chai." Wote watatu walikuwa wakubwa wake kwa cheo. Hata hivyo alivuta kiti chake akakiweka mlangoni, akakaa.

Wakasoma faili pamoja. Daktari Nyamizi alifika mstari wa nne, pale palipoandikwa kwamba mbuzi wanatokwa machozi na midomo yao inanuka, akalifunga. "Hii si minyoo. Ni sotoka, homa inayofagia zizi zima. Mkipeleka dawa ya minyoo mtakuwa mmepeleka maji. Kwa wale ambao hawajaugua bado, inatakiwa chanjo, tena ndani ya wiki hii." Maabara yake ilikuwa nayo. Ila chanjo ile haivumilii joto. Ikishapata joto haina kazi tena. Bila jicho lake, nchi nzima ingesafirisha dawa isiyohusika, na kwa moyo mweupe kabisa.

Mhandisi Sanga akaipakia chanjo kwenye makasha ya barafu, akapita njia anazozijua yeye, na siku ya pili alikuwa mpakani pamoja na Bwana Hashil. Hapo wakakwama. Mkuu wa lango la Ukavuni alikuwa na amri: dawa yoyote ya wanyama isipite, kwa kuwa wafanyabiashara fulani waliwahi kuwauzia wafugaji dawa mbovu. Wajumbe waliowahi kufika hapo na dawa walimtupia barua mezani, naye akawarudisha walikotoka.

Bwana Hashil hakutoa barua. Alijua kwamba Ukavuni mgeni anayetaja haja yake kabla ya kuulizwa amemtukana mwenyeji, amemwambia, "Sikukujia wewe, nimekuja kuchukua." Akaketi. Akapewa maziwa, akanywa. Akauliza hali ya wazazi, ya watoto, ya visima, kisha ya mbuzi, mmoja mmoja kwa rangi yake, na kila aliyetajwa kwamba amekufa alimpa pole. Saa zikapita.

Nje, jua lilikuwa kali na barafu ilikuwa inayeyuka. Sanga akampigia simu Sikudhani. "Dada, huyu mtu bado anasalimia! Chanjo inaharibika! Naingia sasa hivi kumtoa!"

"Usiingie, Mhandisi. Nakuomba. Yake mwachie yeye, yako yashike wewe."

Sanga alikata simu bila kuaga. Aligeuza gari akarudi mji wa mwisho, ambako alijua kila nyumba yenye jokofu. Akina mama wa pale huuzia watoto wa shule barafu za ubuyu kwenye vifuko vidogo. Akagonga mlango baada ya mlango, akazinunua zote, akazipanga kuzunguka chupa za chanjo. (Na tukifika kwenye hukumu msinitajie wauza barafu, wale walilipwa papo hapo.)

Aliporudi langoni alasiri, Mkuu wa lango alikuwa ndiyo kwanza anamwuliza Bwana Hashil, "Basi, ndugu yangu, umekuja na nini?" Lango likafunguliwa. Chanjo zikaingia Ukavuni zikiwa baridi na zinanukia ubuyu, na mbuzi zaidi ya nusu wakapona.

Laiti mambo yangeishia hapo, tungekwenda kulala.

Baada ya miezi miwili Bibi Nakiru, msemaji wa wafugaji, alifika Kilindo akiongoza mbuzi jike mmoja mweupe mwenye madoa. Ilikuwa shukrani ya Ukavuni. Kwao huyo huitwa mbuzi wa undugu: nyumba inayompokea huwa ndugu daima, na neno lake husikilizwa kabla ya neno la wengine wote.

"Tumgawane basi," alisema Bwana Hashil kwa utani.

"Hagawanywi, hauzwi," alisema Bibi Nakiru. "Wala mbuzi halali nyumba tatu."

Katibu Mkuu wa serikali akaona hapo pana dawa ya mambo mengi. Akatangaza kwamba idara au mtu atakayepewa mbuzi ndiye atakayekaa na faili la misaada yote kuanzia siku hiyo. Na wa kuliandika jina hilo awe Bi Sikudhani, kwa kuwa yeye aliona kila kitu.

Wakaketi tena kwenye meza ileile ya Sikudhani, Bibi Nakiru na mbuzi wake wakiwapo, lakini safari hii chai ilipoa.

"Bila mimi mngebeba dawa ya minyoo," alisema Nyamizi.

"Na chanjo yako ingeozea langoni," alijibu Hashil.

"Mimi sidai," alisema Sanga, kwa sauti ya mtu anayedai. "Nasema tu, bila barafu, salamu zile zingefungua lango lipitishe maji ya moto."

Sikudhani aliwasikiliza na moyo ukamwuma, maana aliwapenda wote. Mifugo ikishika faili, kila shida itaonekana ni ugonjwa. Mambo ya Nje ikilishika, kila shida itasalimiwa. Uchukuzi ikilishika, kila shida itapelekewa lori. Na barua mpya ilikuwa imefika asubuhi ileile: mto wa Ukavuni umefurika tena. Jina lilitakiwa kabla ya adhuhuri.

Bibi Nakiru akamgeukia. "Na wewe mwanangu, ulileta nini?"

"Mimi? Hakuna, Bibi. Niliweka kiti mlangoni."

Bibi akasema, "Mafuriko yale ya zamani mlituletea mablanketi. Binti yangu tulimzikia ndani ya moja. Yalikuwa mablanketi mazuri." Akampapasa mbuzi mgongoni. "Mwaka ule hakukuwa na mtu mlangoni?"

 Sikudhani alimtamani mbuzi yule, nawaambia ukweli. Alimtamani kuliko kitu chochote alichowahi kupewa, na aliona haya kumtamani. Mpiga chapa aliyenyamaza mara moja, je, akisema mara moja deni limefutika? Na asiyejua ugonjwa, wala njia, wala lugha ya mpakani, atakaaje na faili la nchi?

Akachukua kalamu. Wale watatu wakaacha kubishana wakamtazama. Mbuzi alikuwa ameanza kutafuna kona ya faili, na hakuna aliyemzuia.

Sasa toeni zile hukumu mfukoni. Mwenye jicho, mwenye ulimi, mwenye njia, au mwenye kiti? Adhuhuri inakaribia na mto unajaa. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani?