Ukingo Unaotazama Bonde

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa kuezeka, mwenye sifa tarafa nzima. Alimwezekea Mama Tusekile nyumba ya mabati juu kilimani, mahali ambapo upepo hauzuiliwi na kitu. Ukingo wa paa unaotazama barabara aliubana kwa bati la kukunja, skrubu kila shubiri. Ukingo wa nyuma, unaotazama bonde, aliupigia misumari michache, akashuka. Nani atapanda kuukagua?

Mwezi haukuisha, huko nyuma kukaanza kugonga.

"Fundi, mbona bati linalia?"

"Ni jua hilo, mama. Bati likipata joto hutanuka. Litazoea."

Mama akaridhika. Yeye nani ambishie fundi?

Mwezi wa tano, alasiri moja fundi alikuwa akipita njia ile, mbingu zikawa nyeusi, upepo ukaanza kung'oa migomba. Akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu. Ilikuwa ipi? Ile ile.

"Karibu, fundi! Kaa bila wasiwasi, paa ni lako hili."

Akaketi. Mama alisikia mvua tu. Fundi alisikia bati likigonga, likanyamaza, kisha mlio mrefu kama nguo inayochanwa taratibu. Upepo ulikuwa umeingia chini ya ukingo, unainua.

"Chumba cha nyuma kuna mtu?"

"Mama mkwe wangu. Hawezi kutembea, nimemlaza."

"Mlete huku. Huku... kuna joto."

"Mwache bibi, ndiyo kwanza amepata usingizi."

Jamani, ingekuwa wewe ungesemaje? Akisema kweli, jina lake limekwisha. Na akinyamaza? Juu yao msumari mmoja ukachomoka, akausikia.

"Mama Tusekile, nilikudanganya. Halikuwa jua. Ukingo wa nyuma sikuufunga."

Mama alimtazama mara moja tu. Wakakimbia wote wawili, wakamburuta bibi na godoro lake. Hata mlango hawajaurudishia, paa la nyuma likaondoka lote, na matofali ya juu yakaporomokea kitanda kitupu.

Naona mnashusha pumzi. Msishushe bado. Bibi yule alilala chini ya uongo miezi mitano, na kila siku kulipopambazuka fundi alikuwa na nafasi ya kusema. Alingoja mpaka hofu ya upepo ilipoizidi hofu ya aibu.

Ndugu zangu, sisi nasi tunafunga vizuri upande wa barabarani. Watu wakipita, wanatusifu. Lakini kuna mtu amelala chini ya jambo ulilolificha: mkeo, mumeo, mwanao, anayekuamini bila kuuliza. Mimi ninayesema hapa nimo humo humo, na ninaogopa.

Fundi alipewa dakika tano za kusema kweli. Sisi, nani ametuahidi hata moja?