Alichovuta Boay

Vuta kabla ya kusukuma. Ndivyo alivyoambiwa Tarmo leo asubuhi kule joshoni, aliposema mbele za watu kwamba mtoto wa jirani ndiye aliyewafungulia mbuzi wakaingia shambani. Mzee mmoja alimkatiza kwa maneno hayo tu, kisha akaendelea kuswaga ng'ombe wake. Nanyi mkaangaliana mkacheka, mkidhani mzee anazungumzia mkokoteni. Niliwaona. Sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, maana masikio hayashiki magunzi, nami nitawaambia.

Ulitoka hapa hapa Endamasi, nyumbani kwa Boay, enzi zile bwana mifugo alipokuwa mmoja kwa tarafa nzima. Alipita huku mara chache, tena kwa baiskeli, na mvua ikinyesha hakupita kabisa. Kwa hiyo aliyejua kushika bomba la sindano aliheshimiwa. Boay alijua. Aliwahi kuchunga farasi na ng'ombe kwenye shamba la mzungu kule juu, akawaona wanavyochomwa, naye akaanza kuchoma. Watu walimsifu kwamba ana mkono mwepesi. Si mwepesi wa wizi, msicheke. Ng'ombe akishtuka, sindano imeshatoka zamani, na Boay anaifuta. Wanawake walikuwa wakisimama kumtazama. Na mnajua wenyewe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Shamba la mzungu lilipofungwa, Boay alinunua farasi mmoja jike, mwekundu. Alikuwa farasi wa kwanza kukanyaga kijiji hiki. Walimwita Shangazi kwa sababu hakupenda kuamrishwa. Kabla yake, maziwa ya kijiji kizima yalishushwa kwa kichwa mpaka barabarani, na utelezi wa huku mnaujua. Shangazi akavuta mkokoteni wa madebe ya maziwa, kina mama wakapumzisha shingo zao. Boay alimpenda farasi yule kuliko alivyopaswa. Alimpiga brashi kila jioni huku akimsimulia habari za siku, na mkewe alipolalamika kwamba yeye hasimuliwi, Boay alimwambia ajifunze kwanza kusikiliza kama Shangazi.

Ila Shangazi alikuwa na kasoro moja. Akifika mlangoni mwa banda, alikita kwato chini akagoma kuingia. Ikabidi wanaume wawili wamsukume kwa nyuma, na anayesimama nyuma ya farasi anachezea meno yake. Jirani mmoja, Gwandu, alikuwa ameshakula teke la paja akachechemea msimu mzima. Likumbukeni hilo la kusukuma, maana ndilo lililoleta balaa.

Siku moja mkanda wa mkokoteni ulimchubua Shangazi begani, kidonda kikatunga usaha. Boay akateremka kwenda dukani kwa Paskalina. Huyu Paskalina alikuwa mjane wa mdogo wake Boay. Mume alipofariki alikwenda wilayani kufundishwa habari za dawa za mifugo, akarudi akafungua duka kando ya gulio. Yeye na Boay hawakuwa wabaya, lakini juma lililotangulia ndama wa Boay walikuwa wamemaliza maharage ya Paskalina, naye kwa hasira akamwambia shemeji yake mbele za watu kwamba hao wanyama wake iko siku watamliza. Maneno ya hasira tu. Nani hajawahi kuyasema?

Siku Boay alipofika dukani ilikuwa siku ya gulio na watu walijaa mpaka mlangoni. Paskalina alimkabidhi chupa ya penisilini, ile nyeupe kama maziwa, pamoja na sindano mpya. Akamwagiza harakaharaka, jicho moja liko kwa mteja mwingine: aitikise chupa vizuri, asafishe ngozi, achome kwenye nyama ya shingo. Boay alikwisha kugeuka kuondoka aliposikia sauti ikimfuata juu ya vichwa vya watu: "Na uvute kabla ya kusukuma, shemeji!"

Boay akaitikia kwamba amesikia. Na kweli alisikia, kila neno. Akapanda mlima akiyatafakari, akaona maneno yenyewe ni ya busara. Kwamba asimsukume Shangazi kwa nyuma akapigwa teke, bali amvute kwanza kwa kamba. Moyo wake ulilainika kidogo. Alisema moyoni kwamba pamoja na ugomvi wa maharage, shemeji yake bado anamjali. Kurudi kuuliza kama ndivyo alivyomaanisha hakukumjia akilini. Mtu mwenye mkono mwepesi anauliza nini kuhusu sindano?

Kesho yake asubuhi akamwita Gwandu aje ashike hatamu. Boay alimvuta Shangazi kwa kamba polepole huku amemwekea pumba kwenye karai, na Shangazi, ambaye siku zote hugoma, akaingia bandani kwa hiari yake. Boay akamwambia Gwandu kwamba Paskalina ana akili nyingi. Akatikisa chupa, akasafisha ngozi, akasimama ubavuni kwa farasi kama inavyotakiwa. Hayo yote aliyafanya vizuri, na msije mkasema mtu yule alikuwa mzembe. Kisha mkono wake ukaenda mahali ulipozoea, chini kidogo, kwenye kile kibonde cha shingo ambako ngozi ni laini na sindano huingia bila kubishana. Akachoma, akasukuma, akachomoa. Gwandu alisema baadaye kwamba hakuwahi hata kukohoa.

Boay hajamaliza kufuta sindano, macho ya Shangazi yakamtoka. Akaanza kutetemeka mwili mzima, akanyanyua miguu ya mbele, kamba ikakatika. Gwandu aliruka nje. Farasi alijitupa ukutani, ukuta ule wa mawe, akajigonga kichwa, akaanguka, akapigapiga miguu, akatulia. Ilikuwa imekwisha kabla mke wa Boay hajafika kutoka jikoni kuona kelele ni za nini.

Boay alikaa chini kwenye majani akakiweka kichwa cha Shangazi mapajani, akalia. Mwanaume mzima alilia, wala hakuficha uso. Na alipomaliza kulia akatafuta wa kumlaumu, kama watu wanavyofanya. Mkono wake haukuwa na kosa, mkono huo umechoma mamia. Basi kosa ni la dawa. Na dawa imetoka kwa nani? Akakumbuka, "Iko siku watakuliza." Akamwambia Gwandu papo hapo kwamba shemeji yake amempa sumu. Gwandu akamwambia mkewe, mkewe akaenda kisimani. Kufikia jua la utosi, upande wa pili wa korongo walikuwa wanajua hata rangi ya sumu yenyewe.

Sasa sikilizeni yaliyompata Paskalina. Dukani hakuingia mtu. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Binti yake alirudi kutoka shuleni analia kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Na wakati huo kijiji kilikuwa na adhabu yake, nayo ni kutengwa. Aliyetengwa hakuazimwa moto, hakusalimiwa, akifiwa alizika peke yake. Yeye na watoto wake. Mzee Qamara, aliyekuwa mkubwa wa wazee, akaitisha kikao uwanjani mbele ya duka lile lile. Kila mtu alijua kwamba neno la Boay likisimama, mjane yule na wanawe wameondoka Endamasi.

Boay alisimama akaeleza. Alileta chupa, akaiweka mbele ya wazee, nusu bado imejaa. Alieleza ugomvi wa maharage na maneno aliyoambiwa. Mzee Qamara akamuuliza kama alifuata maagizo yote ya mwenye duka.

"Yote," akasema Boay. "Nilitikisa, nilisafisha, nilichoma shingoni. Hata lile la mwisho nililifuata. Aliniambia nivute kabla ya kusukuma, nikavuta."

Paskalina alikuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Hapo akakiinua.

"Ulivuta nini, shemeji?"

"Farasi."

 Kuna mtu mmoja nyuma aliguna kama anayetaka kucheka, akanyamazishwa. Paskalina alimtazama shemeji yake, na waliokuwa karibu wanasema hasira ilimtoka usoni palepale, ikabaki huruma. Akawaomba wazee ruhusa. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, naye alikuwa anachechemea kwa kidonda cha kwato, hivyo sindano alikuwa anaihitaji kwa vyovyote. Akamleta, akamfunga kwenye nguzo ya duka. Akavuta dawa kutoka chupa ile ile ya Boay, kila mtu anaona, akabandika sindano mpya, akampa Boay bomba.

"Mchome wangu," akasema. "Pale pale ulipomchoma Shangazi. Ila ukishachoma usisukume mpaka nikuambie. Akifa kwa sumu yangu, mnitenge."

Boay hakutaka. Alisema yeye si muuaji wa ng'ombe wa mjane. Mzee Qamara akamwambia kwamba aliyekuja na neno ndiye anayepaswa kulithibitisha. Basi akasogea. Mkono ukaenda wenyewe kule kwenye kibonde cha shingo, ukachoma, na kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kukaza pale Paskalina alipomshika kifundo cha mkono.

"Sasa vuta."

"Nivute nini? Hii ni ya kuingiza dawa, si ya kutoa."

"Hicho unachokisukuma, kirudishe nyuma kidogo."

Boay akavuta. Na ndani ya bomba, katikati ya ile dawa nyeupe, damu ikaingia. Ilijikunja taratibu ndani ya weupe ule mpaka yote ikawa ya waridi. Waliokuwa mbele waliiona, na waliokuwa nyuma wakasukumana waione.

Paskalina aliichomoa sindano mwenyewe, akakandamiza pale kwa pamba. Akawaeleza wote kwamba hapo pamepita mshipa mkubwa, na dawa hii ni ya nyama, si ya mshipa. Ikiingia mshipani inakwenda moja kwa moja kichwani, na mnyama anarukwa na akili kama Shangazi. Kwa hiyo mchomaji huvuta kwanza. Damu ikija, unachomoa, unatafuta mahali pengine. Isipokuja, ndipo unasukuma. Akamwaga dawa ile iliyochanganyika na damu, akavuta nyingine kutoka chupa ile ile, akamwonyesha Boay pahali pa juu penye nyama. Boay akachoma, akavuta. Safari hii hakikuja kitu. Akasukuma polepole. Ng'ombe aliguna mara moja, akaendelea kucheua. Walikaa wakimtazama anacheua mpaka kivuli cha duka kikawafikia, na maziwa yake ya siku zile Paskalina aliyamwaga, maana yana dawa.

"Nami nina langu," Paskalina akasema mwishoni. "Nilikuambia kwa mkato, juu ya vichwa vya watu, kama vile kila mtu amefundishwa nilikofundishwa. Nilitakiwa kukuonyesha."

 Boay alikuwa bado anaangalia mikono yake. Aliyemuua Shangazi alikuwa yeye, na aliyekaribia kuwafukuza watoto wa mdogo wake alikuwa yeye vilevile. Aliomba radhi mbele ya kikao. Mzee Qamara akasema radhi ya uwanjani haitoshi, apite kila nyumba neno lilikofika, aliondoe kwa kinywa chake mwenyewe.

Akaanza kupita. Kwa Gwandu, kwa majirani, kisimani. Wengine walimwelewa. Wengine walisema wameshawaambia wa ng'ambo, akavuka korongo. Ng'ambo wakamwambia neno limeshakwenda na wauza vitunguu, na sokoni huko akakuta watu wasiomjua wakimsimulia yeye habari za mjane mwenye sumu, tena wameongeza na mbuzi ambao hawakuwahi kuwapo. Alibisha, wakamwuliza yeye anajuaje.

Alirudi akaenda kwa Paskalina, akaketi kwenye kizingiti cha duka, viatu vimejaa tope.

"Shemeji, nimeshindwa. Yamekwenda mbali, siwezi kuyarudisha yote."

Paskalina alikuwa anapanga chupa. 

"Dawa ikishaingia haivutiki, shemeji," alisema. "Ndiyo maana tunavuta kwanza."

Mpaka Paskalina anazeeka, kulikuwa na watu wa mbali waliopita duka lake wakaenda kununua kwingine, hawajui hata kwa nini. Boay naye hakununua farasi tena, na kina mama walirudia kubeba maziwa kwa kichwa mpaka gari lilipokuja. Aliendelea kuchoma ng'ombe wa watu, lakini hakuna aliyesimama tena kumtazama, kwa sababu alikuwa mchomaji wa polepole kuliko wote Endamasi. Na kila kikao kilichokaliwa, mtu akisimama kumtaja mwenziwe kwa ubaya, Boay alimwuliza swali moja tu kutoka kule alikokaa: "Umevuta?" Wakubwa wakajifunza kwake, nasi tukajifunza kwao.

Gunzi hilo limekwisha, Tarmo, chukua lingine. Mtoto wa jirani ulimwona kwa macho yako akifungua zizi? Hukumwona, uliambiwa. Na wewe joshoni umewaambia wangapi? Basi kabla jua halijazama anza kupita nyumba zao, maana neno bado liko karibu. Na siku nyingine ukishika neno la mtu mkononi, vuta kabla ya kusukuma.