Ganda la Dawa Halisemi Ugonjwa

"Ganda la dawa halisemi ugonjwa." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo asubuhi, wajukuu zangu, na mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Yalianzia hapa hapa kwetu, siku ya gulio, nami nilikuwepo.

Siku hizo hatukuwa na desturi ya kueleza maradhi. Ukipona, ulitunza ganda tupu la vidonge. Mwenzako akiugua unampa, naye analipeleka dukani: "Nipe kama hizi." Basi, kazi imekwisha.

Tulikuwa tumejazana mbele ya duka la dawa la Atupele. Mara mwanamume tusiyemjua akapenya katikati yetu, shati limelowa jasho. Nyuma yake alikuja mkewe, mtoto mgongoni. Akaweka ganda juu ya meza.

"Dada, nipe kama hizi."

"Alizitumia nani?"

"Jirani yetu. Alikuwa na homa, akapona baada ya siku mbili."

"Ana umri gani huyo jirani?"

"Ana wajukuu saba."

Tukacheka. Atupele hakucheka. Alizunguka meza, akafunua kanga. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi, amefumba macho, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Kicheko kikatukauka.

"Kaka, hizi sikuuzii. Mpelekeni hospitali, ni hapo juu tu."

"Hospitali tulimpeleka wa kwanza," akasema taratibu. "Tulirudi na nguo zake. Kama huuzi, duka la pili hawana maswali."

Mkewe alikuwa ameshaanza kugeuka. Atupele akamshika mkono.

"Mama, nitakwenda nanyi. Sitaondoka mpaka afumbue macho akujue. Nakuahidi."

"Leo gulio, Atu," nikamwambia. "Sisi tunaosubiri je?"

Akafunga duka. Tukabaki tunanung'unika.

Saa nane nikamfuata hospitali. Alikuwa kwenye benchi kando ya yule mama. Daktari alikuwa amewaambia kwamba vile vidonge ni vya malaria, na mtoto hana malaria, anaumwa mapafu. Wangechelewa mpaka kesho, alisema, na hakumalizia.

"Wateja wote wamehamia duka la pili," nikamwambia Atupele. "Wanasema unajifanya daktari. Rudi, gulio halijaisha."

"Mtoto hajaamka, Mama Sekela."

"Si daktari yupo?"

"Daktari hakuahidi. Niliahidi mimi."

Nikakaa kando yake. Jua likateremka, gulio likavunjika, sisi tupo pale pale, tukihesabu pumzi za mtoto wa watu. Magharibi ilipoingia alifumbua macho, akamtazama mama yake, akaomba maji.

Ndipo Atupele akainuka, akajifunga kanga yake, akaenda zake. Wengi wa wateja wale hawakumrudia mwaka mzima. Lakini mimi, tangu jioni ile, kila aliyenijia na kiganda mkononi nilimwambia: ganda la dawa halisemi ugonjwa.