Neno la Bi Mwatime

Haya, sogeeni. Zamani neno halikuwa la kila mtu kama leo. Kila nyumba ilikuwa na neno lake la kazi, na mwenye haja nalo alikwenda kuliazima, kama tunavyoazimana kinu. Ukitaka kumwita mtu, sharti ulichukue kwanza neno "kuita" kwa wenyewe, la sivyo sauti haitoki. Na masharti yao hao! Neno lifanye kazi yake tu, na jua lisizame halijarudi.

Bi Mwatime alirithi neno "kupiga" kwa babake. Siku hizo lilikuwa neno la fimbo na makofi, basi. Maskini, mwanamke mwenyewe mpole, hata kuku wakimlia mchele atawaomba radhi, lakini watu waliukwepa mlango wake. Aliyekuja kuazima alikuja amevimba kwa hasira, akalichukua, akaenda zake bila hata salamu. Kila asubuhi Bi Mwatime alitandika mkeka uani, na jioni akaukunja haujakaliwa. Ilimuuma sana. Aliogopa atakufa hajapata mtu wa kuzungumza naye.

Mchana mmoja mke wa Shaame, jirani yake, akashikwa na uchungu. Mkunga yuko shambani, ng'ambo ya bonde. Shaame akaenda kwa wenye kuita, akakuta mlango umefungwa. Kwa wenye kukimbia, vivyo hivyo. Kijiji kizima kilikuwa harusini! Alibaki Bi Mwatime peke yake, maana nani angemwalika?

"Shangazi, nisaidie, mke wangu ananifia!"

"Mwanangu, mimi ninalo hili tu, la ugomvi."

"Nipe hilo hilo!"

"Chukua. Lifanyie utakalo."

Shaame akapiga mbio mpaka ukingoni mwa bonde, akapiga ukelele, mkunga akasikia, akaja. Mtoto akatoka salama, wa kike, na Bi Mwatime mwenyewe akapiga vigelegele huku machozi yanamtoka.

Wenye masharti waliporudi wakaja juu, wakamshtaki kwa Jumbe. Neno la fimbo limeingiaje kwenye uzazi? Jumbe akamwuliza Bi Mwatime masharti yake.

"Sina," akasema. "Anayelitaka aje, alitumie apendavyo."

"Mwenye mali kasema," Jumbe akawageukia wale. "Ninyi yawahusu nini?"

Wee! Kesho yake ua ulifurika. Huyu anataka kupiga deki, yule kupiga magoti, wazee wanataka kupiga soga, na hao wa soga hawakuondoka mpaka uji ukaisha chunguni.

Na tangu siku hiyo, kitu kigeni kikifika hakina neno lake, hupewa la Bi Mwatime. Pasi ilipokuja tuliipiga, simu tukaipiga, picha tukazipiga, na hakuna aliyeumia. Lakini mwenyewe, katika kazi zote hizo, aliipenda moja tu: kupiga hodi. Ilipigwa mlangoni kwake kutwa nzima, naye akiitika, "Karibu, karibu ndani."