Asidi ya Mkwe Wangu

"Jina kali halibabui, jina tamu haliponyi." Mmeisikia leo kliniki, wajukuu zangu, na mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilianzia nyumba hii hii, hapa Muheza, na aliyeisababisha ni mimi bibi yenu, kwa ujuaji wangu.

Mkwe wangu Mwanahawa alikuwa mzazi wa siku thelathini, bado yumo ndani, arobaini haijatimia. Kumkanda na kumpikia ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa maringo. Ngozi yake ilikuwa imekauka, akawa anajipaka krimu ya duka la dawa. Siku moja nikamwambia anisomee kopo. Akasoma: "Maji, gliserini, asidi amino..."

"Asidi?" Nikampokonya. Marehemu babu yenu alikuwa fundi wa kuchaji betri, hakuwa na suruali isiyotobolewa. Mimi asidi naijua! Nikamletea kopo nililonunua gulioni, limeandikwa Asali ya Malkia, basi, hakuna neno jingine. Muuzaji aliapa kwamba mzazi atatoka arobaini anang'aa.

"Mama, sijipaki nisichokijua," akasema Mwanahawa. "Mtoto ananyonya."

"Mimi nimezaa saba!"

"Nakuheshimu, mama. Lakini tumuulize mkunga kwanza."

Nilinuna siku mbili. Sista Perpetua, mkunga wetu, alipokuja kumwangalia mtoto, Mwanahawa akamwekea makopo yote mawili mbele yake.

Sista akasoma la kwanza hadi mwisho. "Asidi amino si ile ya betri, mama. Ndiyo inayojenga protini. Imo kwenye maharage unayompikia, imo hata kwenye maziwa anayonyonya mtoto. Kopo hili halina cha kumdhuru mzazi." Akaligeuza la pili juu chini. "Hili sijui lina nini, na wewe hujui. Mengine ya namna hii hukutwa na zebaki. Zebaki hupenya ngozi ya mama, ikamfikia mtoto kwenye maziwa."

Nilimtazama mjukuu wangu ananyonya, macho kafumba. Nilibakiza kidogo tu nimpe sumu kwa mkono wangu, na kwa mapenzi.

Mwanahawa hakunisuta. Alinishika bega akasema taratibu, "Mama, jina kali halibabui, jina tamu haliponyi."

Siku ya arobaini wanawake walijaa uani, wakamsifu mzazi kwa ngozi yake, wakamsifu mtoto kwa unene wake. Wakanipongeza mimi. Ningeweza kunyamaza nikala sifa za bure. Nilisimama nikawasimulia kosa langu lote, bila kupunguza, kisha nikawatajia maneno ya mkwe wangu. Wakacheka hadi machozi, wakaondoka nayo: sokoni, visimani, kliniki.

Siku hizi watu wa ng'ambo ya reli wanadai ni methali yao. Waongo! Ni ya Mwanahawa, binti aliyethubutu kunikatalia mimi, mama mkwe wake, mwanawe akapona: jina kali halibabui, jina tamu haliponyi.